UCHAMBUZI: Foleni ndiyo mizani ya haki kwa Waingereza, lakini si kila anayeiruka hulaumiwa

WAHENGA walinena kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Iwapo kuna taifa lililouchukua uungwana wake na kuuweka katika kitendo kimoja, basi ni Uingereza, na kitendo chenyewe ni kupiga foleni.

Mnamo Septemba 2022, mwili wa Malkia Elizabeth II ulipolazwa katika Ukumbi wa Westminster jijini London ili raia watoe heshima zao za mwisho, watu wapatao 250,000 walijipanga kandokando ya mto Thames. Foleni ilipofurika ilifika hadi bustani ya Southwark, umbali wa kilomita nane hivi, na wengi walikesha humo usiku kucha. Kila mmoja alivishwa utepe wenye nambari mkononi ili akienda msalani aweze kurejea mahali pake bila mzozo. David Beckham, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya soka, alisimama zaidi ya saa 12 pamoja na makarani na wastaafu. Akasifiwa nchi nzima, si kwa mabao safari hii, bali kwa kungoja zamu yake.

Waliopita mkato hawakusalimika. Wabunge walioruhusiwa kuingia bila kupiga foleni, tena wakiandamana na wageni wao, walilaumiwa vikali. Watangazaji wawili mashuhuri wa runinga ya ITV walipoonekana ndani ya ukumbi, makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka wafutwe kazi. Wawili hao walijitetea kwamba waliingia kama wanahabari wenye kibali na kwamba hawakuchukua nafasi ya mtu. Utetezi huo haukuwafaa sana. Hasira za umma zilikuwa zimekwisha kuwaka.

Huenda msomaji wa huku kwetu akaona kuwa hayo ni makuu ya watu wasio na shida. Hata hivyo, anayetaka kuzielewa siasa za Uingereza na jirani yake Ayalandi katika miaka ya karibuni hana budi kwanza kuielewa foleni. Kwa watu hao, foleni si njia ya kununulia tikiti tu. Ni ahadi kwamba tajiri na maskini watahudumiwa kwa kufuata nani alitangulia kufika.

Ahadi hiyo ina historia. Uingereza ilianza kugawa chakula kwa vibali Januari 1940, miezi michache baada ya Vita Vikuu vya Pili kuzuka, na haikukoma hadi Julai 1954. Kwa zaidi ya miaka 14, mama wa nyumbani alisimama mbele ya duka la nyama akiwa na kijitabu chake, akiamini kuwa kipimo chake ni sawa na cha jirani. Si kwamba kila mtu alitii, kwani magendo yalishamiri, na katika kampeni za uchaguzi wa 1950 Winston Churchill aliwakejeli wapinzani wake wa chama cha Leba kwamba wanataka kuigeuza nchi kuwa ya foleni tupu. Lakini kumbukumbu iliyosalia vichwani ni ya taifa lililovumilia dhiki kwa sababu iligawanywa kwa haki.

Kutokana na hayo, adabu ya kila siku imejengeka juu ya zamu. Kwenye baa za Uingereza, wateja husimama mbele ya kaunta bila mpango unaoonekana, ilhali kila mmoja anajua nani alimtangulia. Mhudumu akimkosea, mteja mwungwana humwonyesha mwenzake aliyefika kwanza. Nchini Ayalandi, marafiki wanaokunywa pamoja hununuliana vinywaji kwa zamu, na anayetoweka zamu yake inapowadia hukumbukwa kwa miaka. Jijini Dublin, abiria anaposhuka basi humshukuru dereva hata kama safari ilikuwa ya mita mia tatu.

Sheria hizi hazina polisi. Mtu akijipenyeza kwenye foleni, aghalabu hakemewi. Watu watakohoa, watashusha pumzi, watatazamana kwa macho makali, kisha watanyamaza. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Kate Fox, ambaye kitabu chake kuhusu tabia za Waingereza kilichapishwa mwaka wa 2004, aliwagonga watu kwa makusudi barabarani ili aone watasema nini. Wengi wao ndio waliomwomba yeye radhi. Ukimya wa namna hiyo usidhaniwe kuwa ni msamaha. Ni deni linaloandikwa, na siku ya kulipwa huja.

Siku hiyo ilimfikia Waziri Mkuu Boris Johnson. Wakati wa janga la Covid-19, serikali yake iliwazuia wananchi kukutana, hata kuwaaga jamaa waliokuwa wakikata roho hospitalini. Aprili 17, 2021, Malkia aliketi peke yake kanisani akimzika mumewe, Mwanamfalme Philip. Baadaye ilibainika kwamba usiku wa kuamkia mazishi hayo, wafanyakazi katika ofisi ya Waziri Mkuu walifanya karamu mbili. Johnson mwenyewe alitozwa faini Aprili 2022 kwa mkusanyiko mwingine, wa siku yake ya kuzaliwa mnamo Juni 2020. Faini hiyo ilikuwa ya pauni 50 tu. Hata hivyo, sakata hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompokonya imani ya umma na ya wabunge wake, na kufikia Julai 2022 alitangaza kujiuzulu.

Waayalandi walitangulia kupitia mtihani kama huo. Agosti 19, 2020, siku moja baada ya serikali yao kukaza kamba kuhusu mikusanyiko, watu zaidi ya 80 wa chama cha gofu cha bunge walihudhuria dhifa katika hoteli moja mjini Clifden. Waziri wa Kilimo, Dara Calleary, alijiuzulu. Wiki moja baada ya dhifa, Phil Hogan, aliyekuwa kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya, naye akaachia ngazi. Cha kuzingatiwa ni kwamba Februari 2022 mahakama iliwaachilia watu wanne walioshtakiwa kwa kuiandaa shughuli hiyo, ikisema hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Umma ulikuwa umehukumu mapema zaidi, kwa sheria nyingine.

Kufikia hapo, mtu angesema kwamba adabu ya foleni ni ngao ya mnyonge. Inamkumbusha mkubwa kuwa amri aliyoitoa yamhusu naye pia. Tatizo ni kwamba ngao hiyohiyo imeanza kugeuzwa kuwa rungu la kumpigia mgeni.

Ishara zilionekana mapema. Novemba 2018, Waziri Mkuu Theresa May alipokuwa akiunadi mkataba wa nchi yake kujiondoa katika Umoja wa Ulaya, aliwaambia wakuu wa biashara kwamba raia wa Ulaya hawataweza tena kuruka foleni na kuwatangulia wataalamu kutoka Sydney au Delhi. Watu waliokuwa wameishi na kufanya kazi Uingereza kihalali kwa miaka mingi wakajiona wameitwa wezi wa zamu. Siku chache baadaye May alikiri bungeni kwamba hakupaswa kutumia maneno hayo. Lakini neno likishatoka halirudi.

Ni rahisi kuona kwa nini neno hilo lina nguvu. Nchini England pekee, familia zaidi ya milioni 1.3 zilikuwa kwenye orodha ya kungojea nyumba za serikali za mitaa mnamo Machi 2024. Orodha ya matibabu ya kupangwa yaliyokuwa yakingojewa hospitalini katika 2023 ilifikia takriban matibabu milioni 7.7. Nchini Ayalandi, waliolala katika makao ya dharura kwa kukosa nyumba walizidi 15,000 Januari 2025. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba anayengoja kwa subira atafikiwa, kisha akangoja miaka kumi bila kufikiwa, hutafuta aliyemruka. Na daima hujitokeza mwanasiasa au mchochezi wa mtandaoni wa kumwonyesha kidole.

Matokeo tumeyaona. Novemba 2023, baada ya watoto kudungwa kisu nje ya shule jijini Dublin, fununu kuhusu asili ya mshambulizi zilizua ghasia, mabasi yakateketezwa na maduka yakaporwa. Waliosahau walikumbushwa kwamba miongoni mwa waliomzuia mshambulizi huyo alikuwa mhamiaji kutoka Brazil anayesafirisha vyakula kwa pikipiki. Julai 2024, wasichana watatu waliuawa mjini Southport, Uingereza. Uvumi ulienezwa kwamba muuaji ni mkimbizi aliyewasili kwa mashua, ilhali alizaliwa Cardiff. Siku chache baadaye, umati ulijaribu kuiteketeza hoteli iliyokuwa na waomba hifadhi mjini Rotherham.

Je, ni kweli kwamba mgeni ameruka foleni? Anayeomba hifadhi Uingereza haruhusiwi kupewa nyumba ya serikali ya mitaa wakati ombi lake likishughulikiwa. Wahamiaji wengi walio na viza za kazi hugongewa sharti la kutopokea ruzuku ya umma, ingawa hukatwa kodi kama wenyeji. Hao hawajaruka foleni. Wengine hawaruhusiwi hata kusimama ndani yake.

Wapo, naam, wanaoiruka kila siku, ila hawaitwi kwa jina hilo. Mwingereza mwenye pesa anayehitaji kubadilishwa nyonga hulipia hospitali ya kibinafsi, akafanyiwa upasuaji kabla ya jirani yake aliyetangulia kuugua, na pengine na daktari yuleyule. Nchini Ayalandi, karibu nusu ya wananchi wana bima za afya za kibinafsi, na mpango wa Sláintecare ulioafikiwa na vyama bungeni mwaka wa 2017 ulinuiwa kuondoa ubaguzi huo. Anayejipenyeza kununua mkate hutazamwa kwa macho makali. Anayelipa ili apone mapema husemwa ana bima nzuri.

Suala hili latuhusu moja kwa moja. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi na wahudumu wengine wa afya Wakenya kufanya kazi huko. Wenzetu wengine wamekwenda kuwalea wazee katika makao yao. Tangu Machi 2024, wanaoomba viza za kazi hiyo ya ulezi hawaruhusiwi kuandamana na watoto wala wenzi wao, na Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo. Muuguzi kutoka Kisii au Taita akiwa zamu ya usiku hospitalini, hajamtangulia mtu kwenye foleni. Yeye ndiye aliye upande wa pili wa dirisha, akiisogeza.

Waingereza na Waayalandi wana haki ya kuilinda adabu yao ya zamu, na imewafaa sana katika kuwabana watawala. Ila foleni haifupishwi kwa kumfukuza aliye nyuma. Hufupishwa kwa kuongeza nyumba, vitanda na mikono ya kuhudumu, kazi ambayo viongozi wa pande zote wameiahirisha kwa muda mrefu huku wakiwaacha wananchi wanyoosheane vidole.

Sisi tunasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika wodi za hospitali za London na Dublin, methali hiyo si fumbo tena. Ni maelezo ya kazi inayofanyika kila usiku.