Programu moja isitufanye tutupe kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya kompyuta zinazotumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba, 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena ila kwa mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 nayo inadai kichipu cha TPM 2.0 na prosesa za karibuni, vitu ambavyo kompyuta nyingi za mitumba tulizonunua hazina.

Wako wanaosema tuhamie Linux, ambayo haina malipo na huenda vizuri hata katika mashine kuukuu. Naafikiana nao. Lakini nionavyo mimi, kinachowazuia wengi si Linux, ni programu moja tu waliyoizoea. Yangu ni foobar2000 ya kuchezea muziki, iliyotoka mwaka 2002. Humo nimepanga mamia ya nyimbo za dansi nilizozitoa kwenye kanda, nayo haikutengenezewa Linux. Ndugu zetu wanaohariri picha za harusi kwa Adobe Premiere wana shida hiyo hiyo.

Sasa tujiulize, tunang'ang'ania programu yenyewe au kazi tuliyoiweka ndani yake? Jina la wimbo na la bendi likiandikwa ndani ya faili la MP3, litakwenda nalo popote. Orodha ya nyimbo ikihifadhiwa kwa mtindo wa M3U ni maandishi ya kawaida tu, ingawa anwani zinazoanza na "C:" itabidi zirekebishwe. Tena Linux hutenganisha herufi kubwa na ndogo, hivyo "Taarab" na "taarab" ni vitu viwili (hapo wengi hudhani nyimbo zao zimeibwa!). Zinazopotea hasa ni alama ulizozipa nyimbo uzipendazo, na hesabu ya mara ulizozicheza, kwa kuwa mara nyingi hukaa katika ghala la programu.

Kwa hiyo mtu asianze kwa kubadili mfumo. Aanze kubadili programu angali katika Windows ile ile. VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi huko Ufaransa mwaka 1996, inafanya kazi kote kuwili; hali kadhalika Audacity ya sauti na Kdenlive ya picha. Akishaizoea miezi miwili mitatu, siku ya kuhama hataona ugeni mkubwa. Asiyeweza kuachana na ya zamani ajaribu Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unaoziwezesha programu nyingi za Windows kwenda ndani ya Linux. Foobar2000 inakubali, Premiere za karibuni ni kazi ngumu, na huyo mhariri wa harusi nisingemshauri ahame wakati ana kazi za wateja mkononi.

Lakini ofisi na shule hazihariri harusi. Ningeomba wakuu wanaotayarisha maombi ya fedha za kompyuta mpya watuambie kwanza, kwa jina, ni programu gani inayowazuia kuendelea na zile walizo nazo.

Mpenzi wa Dansi,
Morogoro.