NAULI YA MTOTO ITANGULIE SANDA

Ndugu wanaushirika, wake kwa waume,

Leo nina neno zito. Asiyejua kusoma na asomewe.

Tuambiane ukweli. Mtoto akifa hapa kijijini, sanda inapatikana siku ile ile, kila nyumba inatoa. Lakini mtoto akiwa hai anahema kwa shida usiku, nauli ya pikipiki inakosekana, mama anaambiwa ngoja kuche. Hiyo ni haki gani?

Msidhani nawasema wengine. Masika iliyopita mjukuu wangu wa miezi minane alikohoa siku tatu. Mimi nikasema eti ni kimeo, aitwe mtu akikate. Mama yake alikataa, akambeba mpaka zahanati. Kumbe ni nimonia, yaani kichomi. Akapewa amoksilini siku tano, akapona. Ningesikilizwa mimi, tungezika.

Ndugu zangu, mimi kuhesabu nilijifunza ukubwani, kisomo cha jioni, na wengi wenu tulikuwa darasa moja. Sasa hesabu ile iokoe watoto. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa au simu, hesabu pumzi zake dakika nzima. Hizi ndizo za hatari:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka: 50 au zaidi.
Mwaka 1 mpaka 5: 40 au zaidi.

Ikifika hapo, ni zahanati siku ile ile. Tena tazama chini ya kifua. Akivuta pumzi pakabonyea ndani, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea haamki vizuri, usingoje kuche. Na kichanga wa chini ya miezi 2, hata akikataa titi tu, mpeleke upesi.

Kukata kimeo hakutibu mapafu, kunaleta kutoka damu na pepopunda. Vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu mwaka jana si tiba ya mtoto. Na dawa uliyopewa zahanati imalize, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya nimonia inatolewa nchini tangu mwaka 2013, basi tarehe ya kwenye kadi isipite. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Na mtoto asilazwe jikoni penye moshi.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi wakasikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Na sisi tusiishie kusoma ukutani.

Rai yangu ni hii: kila tukiuza mazao, ushirika utenge kidogo kiwe nauli ya wagonjwa wadogo. Fedha ikae kwa mtu wa karibu na barabara, itolewe hata usiku wa manane bila kikao. Na ninyi akina baba, mama asingoje ruhusa yako. Ruhusa itoe leo.

Mkutano ujao nitalileta jambo hili. Atakayepinga aje na sababu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu wa Tawi