Mwalimu wa Kiingereza China: Mshahara Unabakia Kiasi Gani?

Wazazi wa Munisagara, ile stesheni ya Reli ya Kati iliyo katika bonde la Mto Mkondoa ukisha kuupita mji wa Kilosa, hawahitaji kuelezwa Wachina ni watu gani. Wapo wazee wa Mkoa wa Morogoro walioshika sururu bega kwa bega nao wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, upande wa Kilombero. Katika wilaya yao wenyewe, mashamba ya mkonge ya Rudewa yalinunuliwa na shirika la kilimo la serikali ya China karibu na mwaka 2000, na kijiji cha Peapea kilipata kituo cha mafunzo cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha China mwaka 2011. Basi kijana aliyehitimu chuo kikuu akirudi nyumbani na kutangaza kwamba ameitwa China kufundisha Kiingereza, habari hizo hupokewa kwa vigelegele, wala hakuna anayeshangaa.

Hesabu nayo hupigwa usiku uo huo. Kijana anasema ameahidiwa yuani 10,000 kwa mwezi. Yuani moja katika miaka hii imekuwa ikicheza karibu na shilingi 350, kwa hiyo hizo ni shilingi 3,500,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Yaani mshahara wa mwezi mmoja wa huko ni sawa na miezi saba ya kima hicho cha hapa. Baada ya hesabu hiyo ni nani atakayekataa kuuza kiwanja ili wakala apate ada yake?

Hesabu hiyo ina kosa moja kubwa. Imebadili mshahara kuwa shilingi, lakini haikubadili matumizi. Mwalimu yule hatanunua dona la Kilosa wala hatapanga chumba cha Munisagara. Atakula, atalala na kusafiri kwa yuani. Kwa hiyo hebu tukae kitako tuipige hesabu kama wapigavyo watu wa dukani, kwa kuangalia kinachobaki kwenye droo jioni.

Tuanze na makato. Mshahara wa yuani 10,000 ni wa kawaida kwa mji wa wastani. Serikali ya China huondoa kwanza yuani 5,000 za kila mwezi zisizotozwa kodi ya mapato, na kinachozidi hutozwa kwa viwango vinavyoanza asilimia 3 na kupanda hadi 45. Tena, tangu mwaka 2011 wageni walioajiriwa wameingizwa katika bima ya jamii, na mahali ambapo sheria hiyo inafuatwa sawasawa fungu la mfanyakazi ni kama asilimia 10 na nusu ya mshahara. Mwalimu wetu atakatwa takriban yuani 1,050 za bima na 185 za kodi, na mkononi atapokea kama 8,765. Makato hayo si dhuluma, maana ndiyo yanayomtibu akiugua.

Halafu kuna nyumba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida humpa mwalimu mgeni nyumba ndani ya chuo na kumchangia nauli ya ndege. Mishahara yao ni midogo, aghalabu kati ya yuani 6,000 na 10,000, na vipindi navyo ni vichache. Shule za watu binafsi hutangaza mishahara mikubwa zaidi, hata yuani 15,000 au 20,000 katika miji kama Beijing na Shanghai, lakini nyingi humwachia mwalimu ajitafutie pa kulala. Chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana Shanghai huweza kumeza yuani 3,000 au zaidi, na nyumba ndogo ya peke yako huweza kupita 5,000. Katika miji ya mikoani yuani 2,000 hutosha. Kijana akipata chuo kinachompa nyumba na yuani 8,000, asione haya mbele ya mwenzake mwenye 12,000 zisizo na nyumba. Huenda mwisho wa mwaka yeye ndiye atakayekuwa na akiba.

Kuna desturi ambayo mawakala hawapendi kuitaja. Mwenye nyumba wa China mara nyingi hudai dhamana ya mwezi mmoja pamoja na pango la miezi mitatu kwa mpigo. Kwa nyumba ya yuani 2,000, hizo ni yuani 8,000, yaani shilingi 2,800,000, nazo hudaiwa kabla mwalimu hajapokea hata senti ya mshahara wa kwanza. Ongeza makoti na viatu vya baridi, kwa maana Beijing mabomba ya joto huwashwa katikati ya Novemba na kuzimwa katikati ya Machi, na baridi ya huko si ya Gairo.

Chakula si ghali kwa anayekubali kula wanachokula wenyeji. Bakuli la tambi zenye nyama hupatikana kwa yuani 15 hadi 25, na sokoni mboga na mchele ni nafuu. Anayetamani mkate wa siagi, jibini na kahawa ya Kizungu kila asubuhi atajikuta analipa mara mbili au tatu. Usafiri nao ni rahisi: nauli ya treni ya chini ya ardhi Beijing huanzia yuani 3. Tuseme basi mwalimu wetu wa mji wa mkoani analipa pango 2,000, umeme, maji, gesi na simu 400, chakula 2,000, nauli 300, na mavazi, dawa na mengineyo 500. Jumla ni 5,200. Katika zile 8,765 zinabaki 3,565, ambazo ni kama shilingi 1,250,000.

Hizo ni fedha nzuri, tusibeze. Mtu mwenye nidhamu anaweza kumaliza nyumba ya mama yake kwa miaka miwili. Lakini ni theluthi moja tu na kidogo ya zile 3,500,000 zilizopigiwa vigelegele, na ndugu, wajomba na shangazi wakishaanza kupiga simu wakidhani mwenzao anapokea milioni tatu na nusu taslimu, ugomvi wa ukoo hautachelewa.

Mpaka hapa tumemhesabia mwalimu mwenye kibali. Jambo zito zaidi ndilo hili linalofuata, na wazazi walisome kwa utulivu.

Kanuni za vibali vya kazi zilizoanza kutumika China nzima Aprili 2017 zinasema kwamba mwalimu mgeni wa lugha, kimsingi, afundishe lugha ya kwao, awe na shahada, na awe amefanya kazi ya kufundisha lugha kwa miaka miwili, isipokuwa kama ana shahada ya ualimu au ya lugha, au cheti cha ualimu kinachotambuliwa. Kwa upande wa Kiingereza, ofisi nyingi zimekuwa zikifungua mlango kwa raia wa nchi saba: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Tanzania haimo. Kijana wetu anaweza kuwa na shahada safi ya ualimu wa Kiingereza, akakijua kuliko wengi wanaotoka katika hizo nchi saba, na bado karatasi zake zikarudishwa. Tena yapo matangazo ya kazi yanayotaka mwalimu mweupe, hata kama Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Ubaguzi huo tuuite kwa jina lake.

Kwa sababu mlango wa mbele ni mwembamba, mawakala hupitisha watu kwa dirishani. Kijana hupewa viza ya biashara au ya masomo, akaambiwa kibali kitafuata. Sheria ya uhamiaji ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 haina mzaha katika hilo. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anayerudishwa kwao anaweza kufungiwa mlango wa kuingia tena kwa mwaka mmoja hadi mitano. Wanafunzi nao wasijidanganye, kwani kazi ya nje ya chuo inataka ruhusa ya chuo na ya uhamiaji.

Na hata kabla ya kukamatwa, mwalimu asiye na kibali ni mtu wa kuonewa. Mwajiri akimpunja mshahara, atamshitaki wapi? Hana hati ya kodi, kwa hiyo hata benki haitambadilishia mshahara wake wote kuwa dola na kuupeleka nyumbani. Itambidi apitishe fedha zake kwa mkono wa mtu, na mkono wa mtu una njaa zake.

Kazi zenyewe pia zimepungua. Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada ya kujipatia faida kwa watoto wa elimu ya lazima. Yalikuwa madarasa hayo hayo ya jioni yaliyokuwa yakila walimu wengi wa Kiingereza. Kampuni moja kubwa tu, New Oriental, iliachisha watu 60,000 mwaka ule. Wakala anayenadi kazi kwa bei za mwaka 2018 anauza kalenda ya zamani.

Je, mlango umefungwa kabisa? La. Zipo shule za kimataifa zinazofundisha hisabati na sayansi kwa Kiingereza, na huyo si mwalimu wa lugha kwa kipimo cha kanuni ile. Mwenye shahada na uzoefu wa miaka miwili katika somo lake ana haki ya kuomba. Na iko lugha yetu. Kanuni isemayo mgeni afundishe lugha ya kwao inampa Mtanzania Kiswahili. Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na Waswahili walikwenda kufanya kazi huko tangu zama hizo. Leo Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vya Beijing, Tianjin na Shanghai. Nafasi ni chache, hilo ni kweli, lakini anayezipata huingia kwa mlango wa mbele.

Kijana wa Munisagara akileta barua, baba asiulize kwanza mshahara ni kiasi gani. Aulize viza ni ya aina gani. Ya kazi ni viza ya Z, nayo hupatikana baada ya shule yenyewe kuomba barua ya kibali kule China, kijana akiwa bado hapa nyumbani. Akishafika ana siku 30 za kuomba hati ya ukaazi. Jina la shule lililo katika barua ya kibali lazima liwe lile lile la kwenye mkataba. Mkataba nao useme nyumba ni ya nani, likizo ya kiangazi inalipwa au hailipwi, na tiketi ya kurudi itanunuliwa na nani. Muhula wa China hufunguliwa Septemba, na karatasi hizi huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo wakala anayedai ada ijumaa hii ili kijana apande ndege ijumaa ijayo aambiwe kiwanja hakiuzwi.