Mastaa, leza ya macho si wigi

Staa mmoja wa filamu hapa Bongo kavua miwani mbele ya kamera, kalia kidogo, kisha kawaambia wafuasi wake: "Nimefanya leza, dakika chache tu, nendeni." Chini yake kabandika namba ya punguzo ya kliniki ya nje. Makopakopa yakamwagika.

Leza ipi? Hilo hajasema. Kwa asiyeona mbali kuna njia tatu kubwa na hazifanani. Aliyofanyiwa yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, ni LASIK: daktari anakata utando mwembamba juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, anaufunua kama mfuniko, leza inachonga chini yake, kisha anaurudisha. Kesho yake mtu anaona vizuri, video inapendeza. Ila ule mfuniko haushiki tena kama mwanzo, na neva zilizokatwa huacha macho makavu, kwa wengine miezi kadhaa.

Sasa chini ya posti hiyo hiyo bondia chipukizi kauliza bei. Jibu: "Njoo inbox kaka." Jamani! Mtu anayekula ngumi za uso kila wiki anapelekwa kwenye mfuniko? Kipigo kinaweza kuusogeza hata baada ya miaka. Wa aina yake huanza kufikiriwa PRK: ngozi ya juu ya konea inaondolewa, leza inachonga, ngozi inaota yenyewe. Hakuna mfuniko. Kuna siku 3 au 4 za maumivu ya kweli na ukungu wa wiki kadhaa, na maumivu hayauzi. Ndiyo maana hakuna staa anayeitangaza, ingawa ni kongwe kuliko LASIK; Marekani iliidhinisha leza yake mwaka 1995.

SMILE, iliyokubaliwa huko 2016, hupita kwenye tundu la milimita chache na kutoa kipande chembamba cha ndani ya konea. Haina mfuniko pia, na ukavu huwa nafuu.

Halafu wapo wasiofaa LASIK kabisa: konea nyembamba au iliyochongoka, miwani inayopanda namba kila mwaka, mjamzito. Hayo yanajulikana kwenye vipimo, si inbox.

"Mbona yeye kapona?" Kapona kwa konea yake. Afute ile namba ya punguzo, na bondia aambiwe hadharani, pale pale alipouliza, akapimwe kwanza.