Deni Lisilotangazwa Makaburini

Kwenye misiba yetu kuna tangazo ambalo halikosekani. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia anasimama na kusema: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Ni desturi nzuri, ila inahesabu hela tu. Mimi nasema kazi aliyoiacha marehemu njiani nayo ni deni, na kuimalizia ni kuomboleza kuliko hayo "jikaze" tunayopeana hapa chuoni.

Nitatoa mfano wa kwetu Karatu. Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Mabaki ya vitenge vya sare za harusi, za kwaya na hata za misiba hakuyatupa. Aliyakata vipande vya mraba, akaviunganisha kuwa mashuka mazito yenye blanketi kwa ndani. Wateja walikuwepo, maana baridi ya huko mnaijua mliowahi kwenda Ngorongoro: ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa asubuhi hauna mzaha. Alipofariki mwaka jana, shuka moja lilikuwa safu ya 7 kati ya 12, na mama mmoja wa Ngorongoro alikuwa ameshalipa nusu.

Kikao cha familia kiligawanyika. Baba mdogo alisema, "Mrudishieni mama wa watu hela yake, yaishe." Wengine waliona kugusa kazi ya marehemu ni kujitonesha kidonda. Hoja zao si za kipuuzi. Lakini mteja hakutaka hela, alitaka shuka, na shangazi alikuwa ametoa neno lake.

Nikazishona zile safu 5 wakati wa likizo, jioni baada ya kazi za shamba. Siku za matanga kuna kuni, maji, wageni, viti vya kurudisha. Matanga yakishaanuliwa, mikono inabaki mitupu na hapo ndipo msiba unapoanza kukuelemea. Shuka lilinipa muda wa kukaa na shangazi bila kulazimika kuongea na mtu. Mishono yangu haifanani na yake. Ukiligeuza unaona wazi mikono yake ilipoishia. Mteja alipolipokea alipapasa pale, akanyamaza kidogo, kisha akalipa nusu iliyobaki. Hela ilienda kwa watoto wa shangazi.

Wazee wa Kiiraqw wana neno metimani: nyumba iliyofiwa ilijitenga na majirani kwa muda, watu na mifugo yao. Sitetei kutenga watu. Utaratibu huo uliwaumiza wengi, wakiwemo mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Ila wazee walikubali kwamba aliyefiwa hawezi kurudi kwenye shughuli kesho yake kama vile hakuna kitu.

Sisi je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo ya malipo akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu. Shangazi hayumo. Na mwanafunzi si mfanyakazi. Mtu anazika Jumamosi, Jumatatu ana test, tunamwambia "pole, jikaze". Anajikaza mpaka anapata sapu.

Naomba mawili. Kwanza, serikali ya wanafunzi ipeleke hoja ya siku za msiba, na ziwahesabu hata shangazi na mjomba waliotulea. Pili, sisi wa ualimu, ambao tutapokea darasani watoto waliotoka kuzika, tusiishie kwenye pole. Tumuulize mtoto: marehemu aliacha nini hakijaisha? Bustani, mkeka, banda la kuku? Tumsaidie akimalize. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeipa nguvu elimu ya amali, na wengi tunaisifia kwa sababu ya ajira tu. Kumbe mkono unaojua kushona una la kufanya hata siku ambayo mdomo hauna la kusema.

Likizo inakuja. Kama kwenu kuna kazi ya marehemu imefungiwa kabatini, itoe uiangalie imefika wapi.