TIBA YA KISUNNA AU GHUSHI? DAWA ZA USO ZINAZOUZWA KWA JINA LA MTUME (S.A.W.)



Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo yatawachoma baadhi ya watu, na wengine kati yao tunaswali safu moja. Lakini nimechoka kuletewa vikopo. Dada anamtuma mumewe baada ya darsa, mume anatoa mfukoni kikopo cheupe cha plastiki, hakina jina la mtengenezaji wala tarehe, kina karatasi tu imebandikwa: dawa ya Kisunna, habasoda na asali, huondoa wekundu, vipele na mabaka kwa siku saba. Na swali ni lile lile: Sheikh, hii halali?

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Yako maradhi ya ngozi ya uso ambayo madaktari wanayaita rosasea. Mashavu, pua, kidevu na paji la uso huwaka na kuwa mekundu, vijimishipa hutokeza, na wengine hutoka vipele vya usaha vinavyofanana na chunusi. Kwa mtu mweupe wekundu unaonekana kutoka mbali. Kwa sisi weusi unajificha, mgonjwa anachohisi ni joto na mchomo, basi anaambiwa ni chunusi, ni harara, ni aleji ya samaki. Na wako wanaoambiwa wana jini, wakaanza kutozwa pesa za kisomo juu ya pesa za dawa! Maradhi haya huja na kuondoka. Hayana dawa ya kuyang'oa kabisa, yana njia za kuyatuliza. Kwa hiyo anayekuahidi kuyamaliza kwa siku saba ameanza na uongo kabla hujafungua kikopo.

Utaniambia: mbona dada fulani alipaka na uso ukatakata kwa siku tatu?

Ndugu yangu, habasoda haifuti wekundu wa uso kwa siku tatu. Asali haifanyi hivyo. Kinachofanya hivyo ni steroidi, yaani zile krimu za famasi kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo daktari huandika kwa maradhi mengine, kwa kipimo na kwa muda. Wako wauzaji wananunua tyubu, wanaikamulia ndani ya mafuta, wanakoroga, wanaandika Sunna. Si wote, na waaminifu wanajijua. Steroidi inabana mishipa, uso unapoa, mgonjwa anafurahi na kutuma picha kwenye grupu, na wenzake wanaagiza. Wiki zikipita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inazidi kutokeza. Akiacha kupaka kidogo tu, uso unarudi mwekundu kuliko mwanzo, na vipele juu yake. Naye anadhani maradhi yamemzidi, anarudi kununua kikopo cha pili! Madaktari wa ngozi wanalijua jambo hili vizuri. Wako hata ambao hawakuwa na rosasea, wakaingia katika hali kama hiyo kwa krimu za kuchubua peke yake.

Sasa turudi kwenye dini, maana wao ndio walioileta dini sokoni. Katika Sahih Muslim kuna kisa anachokipokea Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akamkana mwenye kughushi. Hiyo ilikuwa nafaka yenye maji tu. Wewe umeficha dawa kali inayopakwa karibu na jicho la mama wa watu, na juu yake ukabandika jina la yule yule aliyekataza.

Watajibu kwamba hadithi ya habasoda ni sahihi. Naam, ni sahihi, ipo kwa Bukhari, na hatuikanushi. Lakini wanazuoni waliisherehesha kabla hatujazaliwa. Al-Khattabi alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahsusi, kwa sababu hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote, na Ibn Hajar ameyanukuu maneno hayo katika Fath al-Bari. Tena Mtume mwenyewe (s.a.w.) alipomzuru Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) akiwa mgonjwa, alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu wa utabibu. Angeweza kumwambia atosheke na dua. Alimtuma kwa mjuzi.

Mimi sipingi dawa za asili. Asali imetajwa katika Suratun Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na Muislamu hana la kusema juu ya hilo. Ninachopinga ni udanganyifu. Tazama watu wasiotafuta soko kwa jina la Mtume walivyofanya. Mwaka 2015 watafiti wa New Zealand walichapisha jaribio la asali ya mti wa kanuka kwa wagonjwa wa rosasea. Walisema ni asali gani, imesafishwa kitabibu, imechanganywa na glisirini, imepakwa kwa wiki nane. Wakaona theluthi hivi ya waliopaka walipata nafuu ya maana, na waliopaka krimu ya kawaida walikuwa karibu nusu ya hao. Theluthi! Wakaandika theluthi. Huku kwetu muuzaji hajahesabu hata watu kumi, na anaapa kwa Allah kwamba wote wamepona.

Na wanaozidharau dawa za hospitali kwamba ni za kizungu, wajue kuwa asidi ya azelaiki, mojawapo ya dawa za rosasea, kiasili imo katika ngano na shayiri, ile shayiri ya talbina. Ivermektini, ambayo nayo hupakwa kwa maradhi haya, asili yake ni kijidudu cha udongo kilichopatikana Japani. Udongo ule ni wa nani?

Kuna mambo ya asili yanayosaidia kweli, lakini hayana faida kwa muuzaji, ndiyo maana husikii tangazo lake. Mgonjwa ajue kinachomwasha uso. Kwa wengi ni jua, joto la jiko, chai ya moto sana, pilipili, na hasira. Chai aiache ipoe. Jua la mchana alikwepe, avae kofia pana au mtandio unaotoa kivuli usoni. Aoshe uso kwa maji ya kawaida bila kusugua. Dada zangu wa pwani, singo ni nzuri kwa bibi harusi mwenye ngozi nzima, lakini kuisugua kwenye uso wenye rosasea ni kuchochea moto. Manukato na udi wa mafuta tia kwenye nguo, usipake shavuni. Ndimu usipake kabisa, maana maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi. Siki kali na kitunguu saumu kilichopondwa vimewachoma watu nyuso, na hakuna aya wala hadithi inayokuamrisha kujichoma.

Na ukiona macho yanakuwasha, mekundu, kama yana mchanga, usingoje. Rosasea huingia machoni na inaweza kudhuru kioo cha jicho. Pia kuna maradhi mengine mazito, kama lupasi, huanza kwa wekundu wa mashavu kama huu huu, na daktari ndiye anayetofautisha, kwa vipimo. Muuzaji wa kikopo amekupima nini? Amekuuliza kuhusu macho? Amekuuliza kama una mimba?

Kama tayari unapaka kikopo cha namna hiyo, usione haya. Kichukue uende nacho kwa daktari wa ngozi, mwambie umepaka muda gani. Uso unaweza kuwaka sana ukiacha, naye atajua kukuvusha.

Na wewe muuzaji, Abu Dawud amepokea kwamba anayejitia kutibu na hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu ya fidia, na istighfari peke yake haifuti haki ya kiumbe. Kwa hiyo wale dada uliowauzia, namba zao unazo kwenye simu. Wapigie. Warudishie pesa zao, na uwatajie kwa jina kila ulichokoroga, ili daktari atakayewapokea ajue aanzie wapi.

Wabillahi tawfiq.