Udongo, Paa na Njia ya Hewa
Sifa zinazotolewa kwa kampuni ya usanifu majengo ya Kéré Architecture ya Berlin ni za haki, ila msingi wake umo katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ambayo kuta zake ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, huku paa la bati likiinuliwa juu ya dari yenye matundu ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kanuni hiyohiyo, yaani upitishaji hewa wa asili, ilitumiwa na kampuni hiyo mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana, Kenya, ambako minara iliyobuniwa kwa mfano wa vichuguu hutoa joto nje ya majengo. Wasanifu wa Afrika Mashariki, basi, waache kunakili majengo ya vioo yasiyokalika bila kiyoyozi.